Marehemu Evaristo Anasahihisha

Kosa la kwanza lilikuwa neno dogo: "mwanangu." Nélida Yujra alilisoma pembeni mwa insha ya mwanafunzi, saa nne asubuhi, ofisini kwake katika chuo kikuu kimoja cha Oruro, Bolivia. Mashine ya kusahihisha haina mwana.

Alikuwa na insha mia mbili na kumi na mbili za historia, na macho yanayouma. Ndiyo maana alishukuru chuo kilipoleta akili mnemba ya kusahihisha, iliyofundishwa kwa insha alizosahihisha mwalimu mwenzake, marehemu Evaristo Condarco, kwa miaka thelathini. Na ilisaidia: hata wanafunzi waoga waliiuliza maswali, wakajibiwa kwa upole.

Siku ya tatu ofisi ilinuka tumbaku kali na koti lililolowa mvua, kama enzi za Evaristo. Siku ya nne Wilma Colque, mwanafunzi wake, aliingia akafunga mlango taratibu.

"Mwalimu, nani kakwambia kaka yangu alifia mgodini?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Mbona umeniandikia kwenye insha? Umesema umekaa naye, ananiulizia nitakwenda lini." Akainamisha kichwa. "Nami nataka kwenda."

Nélida alimshika mkono, akampeleka mwenyewe kwa mama yake. Kisha akamleta ofisini mama Saturnina, mganga wa Waaymara, wenyeji wa milima ile. Mganga alitandaza majani ya koka, ramli yake, juu ya kibodi, akayatazama sana.

"Huyu hakuja mwenyewe, binti," alinong'ona. "Mmemwita. Mtu kafa na uchovu wake, mnamwamsha asahihishe tena? Hata punda hupumzishwa! Sasa anatafuta wenzake."

"Nifanye nini, mama?"

"Kazi yake ichukue wewe. Kwa mkono wako."

Mganga akawasha ubani na mafuta ya mnyama lama, moshi ukajaa chumba kidogo, na kwenye kioo cha kompyuta maneno yakaanza kujiandika yenyewe, insha baada ya insha, upesi kuliko jicho, yakilaumu, yakisihi, yakiita majina ya wanafunzi waliozikwa zamani, huku kiti kitupu kando ya Nélida kikilia kana kwamba mtu mzito anajiinua kwa shida, mpaka ukabaki mstari mmoja: *Nimechoka, Nélida.* Nao ukafutika.

Siku tisa alisahihisha kwa kalamu, vidole vikivimba. Wilma alimwita mezani, wakasoma insha yake pamoja, neno kwa neno. Binti alilia, akala andazi la jibini, akarudi darasani.

Siku ya kumi mkuu wa idara alipita mlangoni, amechangamka.

"Hongera, mwalimu! Zile insha zako tumezipiga picha zote, tumeilisha mashine. Sasa inasahihisha kama wewe hasa!"

 Nélida alivuta insha ya juu kwenye rundo alilobeba mkuu, ambayo hakuwahi kuigusa. Ilikuwa mchana kweupe, jua likiwaka dirishani. Pembeni mashine ilikuwa imeandika, kwa maneno ya Nélida mwenyewe:

*Jamani, mbona huku giza? Nitoeni.*