Taa Nyekundu ya Saa Sita

Lenzi ilipasuka Jumanne alasiri, katikati ya Ramadhani, kwenye maabara ya leza mjini Setif. Zulikha aliwasha mtambo, ikalia "pa!", basi. Alibakiza kipimo kimoja tu amalize tasnifu yake ya uzamivu. Wiki iliyofuata alikuwa aitetee, na chuo kimoja cha Oran kilikuwa kimemshikia kazi ya kufundisha, kikimsubiri hadi mwisho wa mwezi tu.

Aliitazama kwa hadubini. Penye ufa palikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. Mafuta yakipigwa na leza huungua, na kioo hupasuka nayo.

"Ami Laid, nani aliingia humu?" alimuuliza mlinzi.

"Hakuna, binti yangu. Saa sita taa nyekundu ya mlangoni iliwaka. Nani aingie apofuke?"

"Saa sita nilikuwa maktaba, na leza ilikuwa imezimwa!"

"Mbona huwaka kila siku saa hiyo?"

Zulikha alifunga mapazia, akachukua taa ya zambarau. Mafuta ya zeituni yakimulikwa nayo hung'aa mekundu. Mezani, kando ya lenzi, yaling'aa matone na makombo ya mkate.

Kumbe mtu anakula humu mchana, na taa anayoiwasha ndiyo askari wake!

Aliwaita wawili waliokuwa na ufunguo kama wake: Massinissa, mwanafunzi mwenzake, na Profesa Boukhalfa, msimamizi wao. Akawaambia anamtafuta anayekula humu, akazima taa za dari, akamulika. Shati la Massinissa likawaka buluu tupu.

"Ni huyu!" Profesa alifoka. "Si ndiye niliyemfukuza darasani kwa kutafuna chingamu mchana wa Ramadhani?"

"Hiyo ni sabuni, Profesa," Massinissa alisema. "Mama hafui kwa mchezo."

"Mafuta ni mekundu," Zulikha alisema, akageuza taa.

Tai ya Profesa ilikuwa na madoa matatu, mekundu kama makaa.

"Profesa," Massinissa alisema, "tai yako imekula bila wewe?"

Profesa alikaa. "Nina sukari. Daktari amenikataza kufunga."

"Si umeruhusiwa?" Zulikha alisema. "Ungekula ofisini!"

"Mbele ya katibu wangu? Setif nzima ingejua kabla sijameza. Nami nilishamfukuza huyu kwa chingamu!"

"Na lenzi?" Zulikha aliuliza.

"Niliigonga kwa kiwiko, nikaidaka."

"Bila glavu? Wewe unayetupigia kelele za glavu kila asubuhi?"

"Mkono mwingine ulikuwa na mkate, binti yangu. Nikairudisha, nikanyamaza."

Profesa alimwomba Massinissa radhi mbele ya darasa, na siku hizi hula ofisini, mlango wazi. Watu wa Oran aliwapigia simu mwenyewe, mara nne, kumwombea Zulikha muda.

Gharama ni hii: lenzi moja. Wiki sita za kusubiri nyingine. Tai moja. Na kazi ya Oran, aliyopewa mtu mwingine.