Pumzi ya Baba Délice

Mpaka leo, Georgette akisikia harufu ya mpunga uliotoka shambani, anakumbuka kijiji chao cha uwandani, Luberizi, kabla ya vita. Anakumbuka mikeka iliyojaa mpunga uani na kuku waliofukuzwa asubuhi hadi jioni. Anakumbuka lori la mumewe Sévère likirudi kutoka Bukavu, watoto wakilikimbilia kwenye vumbi.

Sévère alikuwa dereva. Alikuwa mnene, mwenye shingo nene na kicheko kikubwa. Jioni alikunywa pombe yake ya ndizi, akala ugali na samaki, akalala. Kukoroma kwake kulisikika mpaka kwa jirani. Watu walisema mwizi hawezi kuingia nyumba ile. Georgette alijivunia. Kwake, hiyo ilikuwa alama ya mwanaume aliyefanya kazi na kushiba.

Mwaka 1998 vita vikafika uwandani. Watu wenye bunduki walichukua lori. Georgette, Sévère na binti yao Délice walitembea kwa miguu hadi Uvira. Huko walipokelewa mtaa wa Kasenga na Léocadie, binti wa shangazi yake Georgette. Léocadie alikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya. Nyumba yake ilikuwa ndogo. Alitundika pazia la kitenge katikati ya chumba, akawapa upande mmoja.

Pale Kasenga, Sévère alikuwa kama mtu mwingine. Aliamka na maumivu ya kichwa, amechoka kuliko alipokwenda kulala. Alisinzia kanisani. Alisinzia akila, kijiko mkononi. Alisahau alichotumwa sokoni, na jambo dogo lilimkasirisha. Kila mtu alisema ni vita. Georgette naye alisema hivyo. Usiku alikaa macho, akiwaza Luberizi.

Siku moja mfanyabiashara Pontien alimwomba Sévère aendeshe lori lake kwenye barabara ya milimani, kwenda Bukavu. Sévère alifurahi sana. Georgette akaona afadhali mumewe apumzike kwanza. Akaenda duka la dawa kwenye mtaa wa Kimanga, akanunua vidonge vya usingizi.

Léocadie aliviona mezani.

"Mama Délice, hii dawa ni ya nani?"

"Ni ya Baba Délice. Iko anachoka sana. Nataka alale muzuri."

Léocadie akaviweka kando. Akasema vidonge vile hulegeza koo, na vingeweza kumdhuru mtu kama Sévère. Kisha akaeleza alichokisikia nyuma ya pazia.

"Anakoroma, halafu kimya. Pumuzi inakatika. Kisha anashituka kama muntu anayetoka ndani ya maji. Halafu inaanza tena. Weye hujasikia?"

Georgette alikuwa amesikia. Hata Luberizi alikisikia kimya kile. Siku zote alidhani ndipo mumewe alipolala vizuri.

Walimwita Sévère. Alikasirika. Alisema hata baba yake alikoroma, na kama kuna ugonjwa, ni vita.

Léocadie hakubishana naye. Alimuuliza kama amewahi kunyonya mazutu, yaani dizeli ya lori, kwa mpira laini.

"Mara nyingi," Sévère alisema. "Mupira mulaini unashikana. Mazutu haipiti."

"Koo yako iko hivyo. Ukilala, nyama ya koo inalegea, njia inaziba, hewa haipiti. Mwili unakuamsha kidogo ili uvute hewa. Asubuhi hukumbuki, lakini usiku muzima hukupumzika."

Akaongeza kwamba moyo wa mtu wa namna hiyo hufanya kazi bila kupumzika. Shinikizo la damu hupanda. Anaweza kupata ugonjwa wa moyo au kupooza. Sévère aliinama. Ndipo Georgette akasema polepole:

"Unasinzia na kijiko mukononi. Utafanya nini na usukani?"

Asubuhi yake walikwenda hospitali. Daktari Damien alimpima Sévère. Shinikizo la damu lilikuwa juu. Aliwaambia kuwa si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini mtu anayekoroma, anayekatika pumzi usingizini na kusinzia mchana, lazima apimwe. Ugonjwa huo wa kukatika pumzi kwa Kifaransa huitwa apnée du sommeil. Ipo mashine inayopuliza hewa ili koo lisizibe, ila ilikuwa katika hospitali kubwa za mbali, nje ya nchi, na njia za kwenda huko zilikuwa zimefungwa. Akampa dawa ya shinikizo la damu, akamweleza mambo ya kufanya nyumbani. Akamkataza kuendesha gari kwanza.

Sévère alikwenda mwenyewe kumwambia Pontien. Dereva mwingine akapewa lori. Jambo hilo lilimuuma sana.

Lakini aliacha pombe. Alikula mapema, tena kidogo. Kila alfajiri alitembea hadi ufukweni mwa ziwa na kurudi. Daktari alikuwa amesema asilale chali. Georgette akashona mfuko mgongoni mwa shati lake la kulalia, akatia magunzi ya mahindi ndani. Sévère akigeuka chali, magunzi yalimchoma, naye akarudia kulala ubavu. Délice alicheka mpaka akatoa machozi. Wakacheka wote.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwili ulipungua polepole. Kichwa kikaacha kuuma, kile kimya cha usiku kikapungua. Sévère alirudi kupimwa mara kwa mara. Mwishowe daktari alimruhusu kushika usukani, kwa sharti kwamba akihisi usingizi tu, asimame.

Uwanda ulipotulia, Pontien aliwaazima lori wahamishe vitu vyao kurudi Luberizi. Mwanzoni Georgette hakutazama barabara. Alitazama macho ya mumewe. Yalikuwa wazi na meupe. Sévère alionyesha mashamba ya mpunga yaliyojaa magugu, na mahali palipokuwa na nyumba za watu waliowajua. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya kila mmoja.

Georgette alitaka kumjibu. Lakini usiku mwingi wa kukesha akisikiliza pumzi yake ulikuwa umemlemea. Aliegemea mlango, akasinzia.

Sévère alimwona. Akapunguza sauti, akamwonyesha Délice kwa kidole asimwamshe mama, akaendelea kuendesha.