Insha Aliyoandikiwa Delaney

Sikilizeni, ninyi mnaolea na ninyi mnaolelewa. Nitawasimulia yaliyoikuta nyumba ya Hruska, watu waungwana wa Nebraska, nyumba isiyojua ulevi wala ngumi. Ubaya ulioingia humo ulibisha hodi ukiwa umevaa vazi la upendo, ndiyo maana ukafunguliwa mlango.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu. Watu watatu walikaa mezani baada ya misa: Vernon, mwendesha mashine kwenye maghala ya mahindi, mkewe Colleen, karani wa shule, na binti yao wa pekee, Delaney, aliyebakiza miezi miwili amalize sekondari. Nyama ya nguruwe ilikuwa ikifuka mvuke, kabichi iliyochachushwa iko pembeni, na Vernon alikuwa bado anacheka mahubiri ya padri. Colleen akatoa bahasha.

"Ilifika jana," akasema, macho yakimng'aa. "Nimejikaza nisiifungue mpaka tuwe pamoja."

Vernon akaisoma kwa sauti. Chuo kikuu cha jimbo, chenye wanafunzi zaidi ya elfu ishirini, kilikuwa kimekwisha kumkubali Delaney. Sasa kilimpa nafasi katika programu ya heshima, ya wale wachache wanaosoma kumi na tano kumi na tano, ana kwa ana na maprofesa. "Insha yako," barua iliendelea, "kuhusu siku uliyokaa na babu yako mahututi mkihesabu wadudu dirishani, iliwatoa machozi wajumbe wetu."

Delaney akaweka uma chini. "Insha gani?"

"Mama, mimi sikuandika insha. Ile fomu niliiacha. Si nilikwambia bado sijaamua?"

"Ulikuwa unachelewa, mwanangu. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Nikakumalizia tu."

"Babu alifia hospitali! Mimi nilikuwa na miaka minne!"

"Na nani atakwenda kuuliza?" Colleen akajibu. "Mimi nilikaa chuo muhula mmoja, Delaney. Hakuna aliyenishika mkono. Nikarudi nyumbani nikilia njia nzima. Wewe hutalia hivyo maadamu niko hai. Tena watu nimeshawaambia leo kanisani."

"Bahasha inafunguliwa sasa hivi, na watu umeshawaambia?" Vernon akauliza. "Wangapi?"

"Wanakwaya tu."

"Basi mji mzima."

Msomaji, usimcheke Colleen. Wangapi kati yetu tumewafanyia watoto kazi ya shule usiku, asubuhi tukajisifu kwamba wana akili?

Delaney alikuwa na sababu ya kutoamua. Aliogopa. Katika ukumbi wa watu mia nne binti wa mahindini anaweza kujificha, lakini kwenye watu kumi na tano atajificha wapi? Sasa ameamuliwa. Hakuwa na moyo wa kuizima furaha ya mama yake, akanyamaza, na kila "hongera" aliyopewa dukani ikamchoma kama mwiba.

Mwezi wa nne walioalikwa waliitwa kukitazama chuo. Wazazi waliachwa wakinywa kahawa. Wanafunzi wakachukuliwa na Profesa Ottilie Brandvold, mama mfupi mwenye nywele nyeupe zilizonyolewa kama za askari, akawashusha chini ya jengo la makumbusho na kufungua mlango mzito.

Yalikuwa makabati, safu baada ya safu, mpaka jicho linachoka.

"Humu mna wadudu milioni mbili," profesa akasema. "Kila mmoja ana karatasi yake: nani alimshika, wapi, siku gani."

Akavuta droo. Delaney akaona mbawakawa mamia, wa kijani, wa buluu, wa rangi ya shaba, wadogo kuliko ukucha, wakimeta kana kwamba wameokotwa asubuhi ile. Akapewa lenzi, akainama. Maandishi yalikuwa madogo kama nyayo za sisimizi: mwaka 1891, jina la mtu, na jina la kijito. Akasoma tena. Kilikuwa kijito kilekile kinachopita nyuma ya maghala anakofanya kazi baba yake!

Vinyweleo vikamsimama. Alikiruka kijito kile maisha yake yote bila kukitupia jicho. Kumbe mtu alipiga magoti kwenye matope yake kabla mama wa bibi yake hajazaliwa, akaokota kiumbe kama punje ya mtama, akaona kinastahili kukumbukwa na vizazi vyote.

"Bado wapo?" akanong'ona, kama mtu aliye kanisani.

"Hatujui," profesa akajibu, akitabasamu. "Miaka sitini hakuna aliyekwenda kutazama."

Hatujui! Delaney hakuwahi kudhani neno hilo linaweza kutoka kinywani mwa profesa, tena kwa furaha namna ile. Akasimama mbele ya droo akiwa mdogo kuliko alivyopata kujiona, na udogo ule haukumuumiza hata kidogo. Woga ukamtoka. Aliitaka programu ile kwa moyo wake wote.

Papo hapo profesa akamgeukia. "Wewe si ndiye wa babu na wadudu? Insha yako niliisoma mimi. Hebu nieleze, mlihesabu wadudu gani?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini mbele yake zilikuwa karatasi maelfu kwa maelfu, kila moja na jina la aliyefanya kazi kwa mkono wake mwenyewe.

"Sikuiandika mimi," akasema. "Aliandika mama. Babu hakuhesabu mdudu hata mmoja."

Profesa akairudisha droo taratibu. "Unajua itabidi niiambie kamati."

"Najua."

"Na nafasi itakwenda."

"Najua, Profesa." Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Profesa alimtazama. "Programu hupokea pia wanaomaliza mwaka wa kwanza. Kwa insha." Akamwinulia kidole. "Yao."

Garini, Delaney alipomweleza yaliyotokea, Colleen alipiga usukani. "Umeniua! Nitaingiaje kanisani?"

"Mama, waliyemkubali si mimi. Uliwatungia binti mwingine, kwa sababu huyu uliye naye ulimwona hatoshi."

Colleen akaegesha gari kando ya shamba, akalia hadi kwikwi. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya wanakwaya, akasema mwenyewe: "Insha niliandika mimi."

"Basi hongera, Colleen," mmoja akadakia. "Umekubaliwa chuo!"

Walicheka. Alivumilia kicheko kile, na hakukosa Jumapili hata moja.

Delaney aliingia chuo kama mwanafunzi wa kawaida, akikaa viti vya nyuma kwenye kumbi za mia nne. Kila Jumamosi alikwenda kijitoni na chupa na kijitabu. Mwaka wa kwanza ulipokaribia kwisha aliandika kurasa mbili kuhusu mbawakawa aliyemtafuta siku thelathini na moja asimpate.

"Naweza kuisoma?" mama yake akauliza.

"Soma, ila mikono uikalie."

Colleen akaikalia mikono yake, Delaney akamfunulia kurasa.

"Hapa kuna sentensi moja, ungesema tu..."

"Mama."

"Haya, nimenyamaza."

Akasoma hadi mwisho, akarudia ukurasa wa pili. Kisha akamtazama binti yake kama anayemwona mara ya kwanza.

"Siku thelathini na moja? Kwenye matope yale?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimekuzaa mimi, nami sikukujua."

Insha hiyo ilikubaliwa.

FUNZO

Mzazi, mwanao ni mtu mzima anayechipuka. Si ukurasa wa pili wa maisha uliyoshindwa kuyamaliza. Mshike mkono, lakini kalamu mwachie. Ukimtungia sifa zisizo zake, siku atakapoulizwa atasimama mtupu mbele ya watu, na aliyemvua nguo ni wewe. Nawe kijana unayesita mlangoni, usikae nje ukiogopa ukubwa wa nyumba. Ingia utazame. Ukikuta kitu cha kukufanya unong'one, hapo ndipo pako, hata kama itakubidi kutoka kwanza na kurudi kwa jina lako mwenyewe.