Aliyetoka Majini Mbele Yangu

Baleinière, ile mashua ndefu ya mbao, ilipogonga jiwe na kuzama hapa kwetu Nyangwe, waliniita mimi. Wangemwita nani mwingine? Kwenye Lualaba hakuna kifua kinachoshika pumzi kama hiki changu. Nimeshatoa mota tatu chini ya maji, moja nikiwa na malaria.

Abiria wote walikuwa wameogelea mpaka ukingoni, isipokuwa mchimba dhahabu mmoja kutoka Salamabila. Hakuna aliyejua jina lake. Jua lilikuwa linaanguka, wakataka nimtafute kabla ya giza.

Nikafunga kamba kiunoni. Mwisho wake aliushika Souleymane, mdogo wa mke wangu Faida, akiwa ndani ya mtumbwi. Ikivutwa mara mbili, anakupandisha. Na sisi wa kazi hii tuna sheria: kichwa kikitokea majini, usikipe mkono kabla ya kukiuliza, "Mama yako nani?" Maana huko chini kuna wanaopanda kwa sura ya mwingine.

Nikazama.

Giza. Matope. Ladha ya mazutu, mafuta ya mota, mdomoni. Nikapapasa ubao, gunia, gunia lingine... mkono.

Ulikuwa na joto.

Ukanizunguka kiuno, polepole, ukafungua fundo langu. Fundo ambalo hata mimi hulifungua kwa meno! Halafu ukavuta kamba. Mara mbili.

Kamba ikapanda. Bila mimi.

Nilitokea mbali, mto umenisukuma, natapika maji. Kule ukingoni Souleymane alikuwa anapanda njia ya kwangu. Pembeni yake kulikuwa na mtu mwenye mgongo wangu, mwendo wangu, amevaa shati langu nililoliacha mtumbwini.

Nilipofika nyumbani, Souleymane alikuwa ameketi nje peke yake.

"Ulimuuliza?" nikanong'ona.

Hakuniangalia. "Hapana, shemeji."

"Ukamupa mukono tu?"

"Dada alinikataza kuuliza. Alisema, atakayetoka wa kwanza, mulete."

Nikausukuma mlango. Ulikuwa na komeo. Harufu ya sombe, majani ya muhogo, na mawese ilikuwa inatoka chini yake.

"Usigonge," Faida akasema ndani, taratibu. "Iko anakula."

"Faida, ni miye bwana yako. Huyo hapana mutu."

"Najua."

Maji yalikuwa yananitiririka mpaka kizingitini.

"Miaka kumi na nane wee unasema, miye nasikiliza," akasema. "Huyu ameingia, ameniuliza kama nimechoka. Basi. Uende, baba, utaumwa na baridi."

Nikaweka sikio kwenye ubao. Nikasikia sahani ikisogezwa. Kisha sauti yangu, chini chini, ikisema kitu kifupi nisichokishika...

Faida akacheka.

Kicheko kile, miaka yote ile, sikuwahi kukisikia.