Sauti Isiyovuta Pumzi

Kinanda cha kanisa kilikuwa kimezimwa. Marit alikuwa na hakika, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeizima mashine ya upepo kabla ya kuteremka jikoni, chini ya kanisa, kuosha vikombe vya kahawa vya akina mama wa kikundi cha Jumatano. Kinanda kile ni mabomba matupu, ya mbao na ya bati, na bomba lisilopulizwa halina tofauti na gogo. Lakini mikono yake ikiwa bado kwenye povu, ilipita sauti moja nzito, ya zile zinazosikika tumboni kabla ya masikioni. Vikombe vikaanza kugongana kwenye beseni.

Akapanda juu. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya madirisha, mabenchi matupu, mashine imelala. Sauti iliendelea kidogo, kisha ikakoma, kama mtu aliyegundua anatazamwa.

Alipovuka barabara kurudi nyumbani alimkuta binti yake, Signe, mtoto wa miaka tisa, ameketi kwenye ngazi anatafuta pumzi, midomo imegeuka buluu. Signe alikuwa na pumu tangu uchanga. Marit akampa dawa yake ya kupuliza mdomoni, akamkumbatia mpaka kifua kikatulia, akajiambia ni baridi tu. Nani asingejiambia hivyo?

Sasa nimseme mumewe, maana bila yeye yote haya yasingetokea. Alden Thorsby alikuwa mtunzi wa muziki, tena si wa kubahatisha. Mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huku huku Minnesota, alianza kupiga kinanda miguu yake ikiwa haijafika vizuri kwenye vibao vya chini. Akasoma, akatunga, na kazi zake zikapigwa katika makanisa makubwa ya New York, watu wakasimama kumpigia makofi. Kisha muziki ukamkauka. Miaka ikapita hajaandika hata noti moja. Alikuwa akikaa mbele ya kinanda, mikono mapajani, mtu mzima na ndevu zake, analia. Mji mdogo haufichi kitu. Dukani walimtania wakimwita Bwana Kimya, naye akicheka nao kicheko cha kulazimisha.

Halafu mwaka ule, majani yalipoanza kupukutika, muziki ukamrudia kwa mkupuo. Akaanza kutunga kipande kirefu chenye sauti moja ya chini isiyokatika. Nyingine zinakuja juu yake na kuondoka, yenyewe ipo tu. Mwimbaji lazima avute pumzi, alisema, mpiga tarumbeta lazima avute pumzi, kinanda peke yake ndicho kisichochoka. Basi akawa anaweka chuma juu ya kibao kimoja cha mguu na kuiacha sauti ile ilie kutwa nzima. Marit alifurahi, maskini. Alidhani amerudishiwa mume.

Ila baada ya siku ile ya vikombe alianza kusikiliza kwa makini. Kinanda kikilia hali kimezimwa, Signe anabanwa. Kikinyamaza, anapata nafuu. Mara ya kwanza alisema ni sadfa tu, mara ya pili akakosa usingizi, na siku alipokuwa akimsuka mtoto nywele sauti ikaja ikipanda kwa miguu ya meza, akahisi kifua cha mwanawe kikiingia ndani chini ya kiganja chake kama mfuko unaonyonywa, mbavu zikahesabika, na huko ng'ambo ya barabara sauti ikazidi kunona, akajua pumzi ya Signe ndiyo inayokiliza kinanda.

Alimfuata mumewe kanisani. "Umefanya nini, Alden?"

Alden hakumtazama. "Kiangazi kile nilikaa hapa peke yangu. Nikasema, yeyote mwenye sauti na aje, mimi nitampa upepo. Nilidhani naongea na Mungu."

"Upepo wa nani?"

Alden akageuza uso kuelekea nyumbani, alikokuwa Signe.

Bibi yake Marit, aliyekuja kwa meli kutoka Norwe, aliwaita viumbe wanaoitikia wito kama huo "wale waliofichika". Sisi tunasema jini, na jini ni jini hata akae kwenye theluji.

Mchungaji Odegaard, mama mmoja mpole aliyesomea mambo mengi lakini si haya, aliitwa na Marit, akaja kanisani na mafuta ya kupaka wagonjwa. Na kwa kuwa kila mpiga kinanda anajua kwamba bomba linalolia lenyewe hung'olewa na kulazwa chini, Marit akaamua bomba la mbao la sauti ile ling'olewe, kisha lichomwe moto. Hapo Alden akajitupa mbele yao.

"Msiling'oe, nawasihi," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo ni mdomo wake tu. Akiwa na mdomo hapa, tunajua alipo."

"Unaulilia muziki wako na mwanao anakufa," Marit akamwambia. "Nipishe."

Wakalinyanyua wanawake wawili. Kwenye tundu ukatoka upepo wa vuguvugu, na Marit akainusa ile dawa ya kupuliza, na maziwa aliyokunywa Signe asubuhi. Mchungaji aliomba huku meno yakigongana. Wakalichoma bomba nyuma ya kanisa, na lilipogeuka majivu kukawa kimya kitamu.

Jioni ile Signe alipanda ngazi mbio bila kuhema. Alikula viazi vya kuoka na nyama, akaomba tena. Marit akaenda kulia kwenye kitambaa cha vyombo kwa furaha.

Kesho yake mchana mtoto alikaa dirishani anachora, huku akivumisha wimbo. Marit akamwambia supu iko karibu kuiva, aje mezani. Hakuacha. Ilikuwa sauti moja tu, nzito, isiyo ya koo la mtoto, na Marit akasimama na mwiko mkononi akingoja ifike mwisho, akingoja ile nafasi ndogo ambamo kila mwenye pua huvuta hewa, supu ikachemka ikamwagika jikoni, vijiko vikaanza kutetemeka mezani, na kifua cha mwanawe hakikupanda wala kushuka, na macho yake yalikuwa wazi yanamwangalia mama yake, na yalikuwa yanaogopa.

Marit akaruka kumziba mdomo. Alden, aliyekuwa ameingia bila kusikika, akamshika mkono. Alikuwa mweupe kama ukuta.

"Usimnyamazishe," alisema. "Hana pumzi nyingine sasa. Sauti ikikatika, naye ndiyo basi."

Marit akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza sana. Kisha yeye, aliyeomba majira yote yale sauti ile ikome, akaketi chini, akaushika mkono wa Signe uliokuwa bado na joto, akaanza kuomba isikome.