Pete Iliyoachwa Juani

Kila alipotoka shule, Ndila alipitia karakana ya pampu za maji, pembeni mwa mji wa Msambweni, kumpelekea baba yake chakula. Tangu Uhuru kila kijiji kilitaka kisima, na karakana haikupumzika. Baba yake, Masila, alikuwa mpimaji. Kipuri alichokikataa hakikutoka.

Mashine ya kupimia ilikaa katika chumba chenye ubaridi. Mkono wake ulikwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, nao ulibeba kigololi kidogo. Kigololi kilipogusa chuma, tarakimu zilionyesha mahali hasa kilipogusa. Masila alikigusisha pande kadhaa za tundu la kipuri, akajua upana wake, hata ukizidi kwa kiasi kisichofika unene wa unywele. Amri ilikuwa moja: kipuri kilazwe juu ya meza ya jiwe mpaka kipoe, wala kisishikwe kwa mkono.

Siku hiyo mezani palikuwa na pete ya shaba. Masila alipokwenda kunawa, Mwanarusi, rafiki yake Ndila, alichungulia dirishani. Kuringa ni ugonjwa, na mchana huo ulimpata Ndila. Aliitoa pete, akaiweka juu ya bati la dirishani, kwenye jua kali, ili Mwanarusi aione iking'aa, wakapiga soga hadi wakajisahau. Aliposikia nyayo za baba yake, aliirudisha mbio kwa kitambaa.

Masila akapima. Akapima tena.

"Tundu limezidi," alisema kwa huzuni.

Bwana Fondo, msimamizi, alimwita Baya, mzee aliyeikereza pete ile.

"Mzee Baya, nilikuonya. Ukiharibu tena, kazi huna. Chukua vitu vyako."

"Wallahi, Bwana Fondo, nimeikereza sawasawa."

"Kwani mashine inasema uongo?"

Baya alivua aproni. Ndila aliikumbuka ile amri ya meza ya jiwe. Akisema, baba yake ataaibika mbele ya msimamizi. Asiposema, mzee wa watu atafukuzwa bila kosa. Baya alikwisha kufika mlangoni.

"Babu, usiondoke!" Ndila alilia. "Baba, niliitoa pete nikaiweka juani!"

Masila aliigusa pete kwa kidole. Ilikuwa bado na joto. Alimkazia bintiye macho ya hasira.

"Shaba ikipata joto hutanuka, na tundu lake hupanuka," alimwambia Fondo. "Naomba tusubiri ipoe."

Walisubiri, Fondo akizunguka chumbani. Hatimaye kigololi kikagusa tena, upande huu na ule.

"Iko sawasawa!" alisema Masila.

Baya aliketi kizingitini, akafuta machozi bila kuona haya. Fondo alimwomba radhi.

Njiani Ndila aliuliza, "Utanisamehe, baba?"

"Nitakusamehe, ila chumba kile hutaingia tena mpaka nikuite. Mashine haikusema uongo, mwanangu. Ilisema ilichokigusa. Habari ya jua uliijua wewe. Ungenyamaza, kipimo cha kweli kingemfukuza mtu asiye na hatia."