Jiwe Lililohamahama Tangini

Jesca alipotoka shule alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama yake, kisha akaenda moja kwa moja sebuleni kwenye tangi la samaki. Sare angevua baadaye. Nyumba yao ilikuwa Mzumbe, mbali kabisa na bahari, lakini baba yake, mhadhiri Mikaeli, alikuwa haambiwi kitu kuhusu samaki. Maji ya chumvi aliletewa kwa madumu kutoka Dar es Salaam.

Tangini walikuwamo klauni wawili, samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wiki hiyo Sufiani, rafiki wa baba aliyeishi Dar es Salaam, alikuwa amewaletea anemoni, mnyama laini wa baharini anayeng'ang'ania jiwe na kupunga minyiri yake kama vidole majini.

"Klauni hupenda kuishi katikati ya minyiri hiyo," baba alieleza. "Tusiwalazimishe. Wataingia wenyewe. Na mtu asitie mkono tangini!"

Lakini wapi! Klauni walishinda kwenye kona ya pampu, wakampa mgeni kisogo. Jesca akamwonea huruma. Mama alipokuwa jikoni, alikunja mkono wa sare, akalisogeza taratibu jiwe la anemoni hadi kwenye kona ile.

"Haya, sasa ni majirani," akanong'ona.

Kesho yake jiwe lilikuwa limerudi katikati, chini ya taa. Jesca akakodoa macho. Baba alishamwambia kwamba anemoni huweza kutambaa. Sawa, lakini jiwe? Akalisogeza tena. Siku iliyofuata likarudi tena. Jesca alichanganyikiwa kabisa. Alitamani kumuuliza baba, ila angeulizaje bila kujitaja? Akaendelea kulisogeza.

Baba naye alionekana haelewi kinachoendelea. Kila jioni alisimama mbele ya tangi akikuna kichwa, akipima maji, akipima tena. Anemoni alizidi kusinyaa.

"Sielewi," alisema siku moja wakila chakula cha jioni. "Maji mazuri, taa nzuri, mnyama anadhoofika. Jumamosi namrudisha kwa Sufiani kabla hajafa. Na klauni waende naye."

Jesca aliacha kula. Machozi yakamlengalenga.

"Baba, nisamehe. Ni mimi. Kila nikitoka shule nalisogeza jiwe lake kwenye pampu."

Alitegemea kufokewa. Badala yake baba aliweka tonge chini.

"Kumbe ni wewe unayelipeleka kule?"

"Ndiyo, baba. Lakini sijui nani analirudisha."

Baba akakohoa, akaanza kuchunguza mboga. Mama akamgeukia.

"Baba Jesca, mbona umeinamia sahani?"

"Kule kwenye pampu hapati mwanga," baba alijibu kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi namrudisha. Nilidhani anahama mwenyewe."

"Pamoja na jiwe lake?"

"Hilo nalo lilinishangaza. Lakini ningeuliza vipi, na mimi ndiye niliyewakataza kutia mkono?"

Mama alicheka hadi akashika ubavu. Jesca hakujua kama acheke au alie.

"Asubuhi huku, jioni kule," mama alisema. "Hata mimi ningesinyaa. Mwacheni mnyama atulie!"

Wakamwacha chini ya taa, na Jumamosi ikapita bila safari ya Dar es Salaam. Polepole anemoni akanawiri. Klauni waliendelea kumpita tu, na Jesca alipowatazama aliikalia mikono yake isije ikamponyoka. Wiki zikapita. Asubuhi moja, milima ya Uluguru ikiwa imefunikwa na ukungu, klauni mmoja aligusa minyiri kwa mkia, akaruka nyuma, akarudi, akazama ndani. Wa pili akamfuata.

"Baba! Mama! Wameingia!"

Baba alitoka mbio, mswaki mdomoni. Walisimama wote watatu, wakitazama. Jesca alijawa na furaha.

"Samaki hawakuwa na tatizo," mama alisema hatimaye. "Tatizo ni watu wawili wa nyumba moja, kila mmoja anaficha alichofanya, halafu wote wanashangaa. Ukikosea, sema mapema. Mlivyokaa kimya, nusura mnyama afe."

"Nimeelewa, mama," Jesca alisema.

Mama hakuondoa macho kwa mumewe. Baba akatoa mswaki mdomoni.

"Jesca, na mimi unisamehe."

Jesca hakuwahi kumsikia baba yake akimwomba msamaha. Akamshika mkono ule ule uliokuwa ukirudisha jiwe kila asubuhi.

"Nimekusamehe, baba."